Basi Mkamateni

Simbo, Kigoma
Julai 2004

Mwanangu Ndayiragije,

Amahoro. Huko kambini hamjambo? Mke wako kifua kimepona? Sisi huku wazima, goti langu tu ndilo lenye kiburi. Barua yako imefika na nimeisoma mwenyewe, hata pale ulipodhani nitashindwa.

Unasema Spesiosa aache mbio ashike kitabu, na viatu vyake nivifungie. Viatu gani? Mwanao anakimbia peku! Na nani kakwambia kitabu amekiacha? Kila jioni tukichambua maharage ananieleza masomo yake bila kushika daftari. Mimi majibu siyajui, lakini mtu anayebabaika namjua. Akibabaika, anarudia. Mtihani uliopita ni wasichana wawili tu waliompita, na hao hawakimbii hata mvua ikinyesha.

Mwalimu Feliksi alikuja nyumbani kunisifia kwamba mjukuu wangu ni mkimbiaji. Sikio langu la Kirundi likasikia mkimbizi. Nikamwinukia na mwiko mkononi, nikamwuliza kama ametoka shuleni mpaka mlangoni kwangu kuja kunitukana. Maskini, alirudi nyuma hadi akakalia beseni la dagaa. Spesiosa alicheka mpaka akaketi chini, ndipo akanifafanulia.

Hofu yako naijua, wewe uliyerudi kwetu tulikozaliwa ukakimbizwa mara ya pili. Unaogopa mtoto akionekana sana watamkumbusha alikotoka. Wamekwisha kumkumbusha. Ijumaa, uwanjani Ujiji, vijana walimzomea mkimbizi, mkimbizi, mzunguko mzima. Nikapanda juu ya benchi, na goti hili hili, nikawajibu kwamba ndiyo, ni mkimbizi, basi mkamateni! Hakuna aliyemkamata. Mama mmoja wa hapo Ujiji, Zuleha, alinishangilia kuliko mashemeji zako.

Sasa nikwambie lililobaki. Mtoto hayupo hapa. Amechaguliwa kukimbia Tabora, na treni imeondoka naye jana, daftari zake mkobani. Mwalimu aliniuliza kama mzazi ameridhia. Nikamjibu kwamba mzazi ni mimi, hata huyo baba yake nimemzaa mimi.

Ukitaka kukasirika, kasirika huko huko. Akirudi nitamleta akusalimie, nawe umwulize swali lolote la kitabu. Akibabaika, ndipo uvifungie hivyo viatu.

Mkeo anywe uji wa moto, asijikaze.

Ni mimi mama yako, niliyekimbia nawe mgongoni,
Veneranda