Bakuli Nililolianika

Salehe mdogo wangu, karakana haijambo bila mimi? Huku Brussels kuna baridi na maonyesho ya mafundi. Mzee mmoja Mjapani katoka pwani yenye milima, ambako watu huvua samaki kiangazi, na baridi ikichafua bahari hupaka mabakuli ya mbao utomvu wa mti. Bakuli lake alilolipaka kwa miezi mingi lilikuwa bado bichi, nami, fundi mzima, nikalianika dirishani penye kijua, kama tunavyoanika vanishi yetu.

"Baba, unaliua!" mkalimani wake akanipigia kelele. "Utomvu huu hukaukia kwenye unyevu!"

Mzee akalirudisha haraka kwenye sanduku lake la kukaushia, lenye vitambaa vilivyoloweshwa maji. Likapona. Akanipa chai, niinywee mbali na meza yake.

Wewe mvua ikinyesha unafunga karakana unalala. Basi nakuombea jua, yeye namwombea manyunyu.

Kaka yako, Abdi