Kura ya Baba Mkwe

Machi 3

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua kidogo. Wewe na mjukuu wangu mnaendeleaje?

Timu anayoifundisha mumeo imefungwa tena, mechi ya saba mfululizo. Mashabiki hapa hawasemezani. Kinyozi ameapa kutomnyoa yeyote anayemtetea kocha, ndiyo maana nywele zangu zimefika masikioni. Jumapili ya tarehe kumi na mbili wanachama tutaamua kama tulivyozoea: tunaingia uwanjani, anayetaka kocha abaki anasimama nusu ya kushoto, asiyemtaka nusu ya kulia, tunahesabiwa.

Nikienda kuchora mistari ya chokaa asubuhi namkuta mumeo anatembea peku ndani ya ukungu. Tunazunguka pamoja. Magoli hayaonekani, majukwaa hayaonekani, na mimi huhisi uwanja umeng'oka ardhini unaelea nasi polepole. Usiwe na wasiwasi, napita nyumba kwa nyumba kumpigania. Kazi yake haitapotea.

Baba yako

Machi 8

Shikamoo baba,

Pole na goti. Sisi hatujambo, ingawa huku wodini wagonjwa ni wengi na wauguzi tumebaki wanne.

Barua yako imeniliza. Tuliahidiana na mume wangu kwamba timu ikimwachia, atakuja kuishi nasi huku, na shule ya jirani inamngoja akafundishe michezo. Mwenyewe kujiuzulu hataki, anasema hawezi kuwakimbia wachezaji wake. Aliona haya kukuambia. Mtoto anamjua baba yake kwa picha tu. Baba, mimi sitaki abaki. Nakuomba Jumapili usimtetee.

Binti yako

Machi 14

Binti yangu,

Natumaini mko salama. Mimi sijambo.

Barua yako ilinifikia Jumamosi, nikiwa nimeshawashawishi watu wengi mno. Jumapili ukungu ulichelewa kuondoka. Watu waliingia uwanjani kimya, kila mmoja akaenda upande wake kama wanaotembea usingizini. Tukahesabiwa: sitini na mbili kushoto, sitini na mbili kulia. Nilibaki mimi, katikati, na ndoo yangu ya chokaa.

Nikaenda kulia. Hata kinyozi alinisogelea akaniuliza kama nimepotea njia.

Mumeo alinifuata. Alinipokea ndoo, akaibeba hadi stoo kama anavyofanya siku zote, na huko ndiko alikoniuliza, "Baba, nimekukosea nini?"

Nikamwambia, "Hujanikosea. Nenda kwa mwanao."

Alikaa juu ya gunia la chokaa akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Leo namsindikiza kituoni. Barua hii nampa yeye mkononi, kwa hiyo ukiisoma atakuwa amesimama mbele yako. Mwache ale, alale. Wala usimwambie kwamba zile nyumba zote nilizipita kwa ajili yangu, maana tangu mama yako afariki sina mtu mwingine wa kutembea naye.

Baba yako