Taa ya Nyuma

Baba watoto,

Sote hatujambo, na goti la mama yako limepoa. Jana nilikwenda kununua taa ya nyuma ya gari letu. Kiwanda kiliacha kutengeneza magari ya aina hii zamani, hivyo muuza spea alinipa ya kuiga.

"Shemeji, mumeo alichukua kama hii juzi, alikuja mwenyewe," akasema. "Kwani mna magari mawili?"

Nikajichekesha. Gari letu liko uani juu ya mawe, halina taa. Nawe uliniandikia kwamba kazini wamekunyima likizo.

Ulifikaje mjini usibishe hodi kwako? Taa umemfungia nani? Nijibu upesi. Magari haya yamebaki machache, na lenye taa mpya halitanipotea.

Mkeo, bado.