Kiti cha Mbele ni cha Mjomba

Kaka Boaz, mpwa wako Mbuke amenunua gari! Shikamoo, kaka. Huku Kambarage tu wazima.

Ni la aina ile ndefu, unakwea ndipo uingie, la mtumba kutoka Japani, lakini linang'aa utadhani jipya. Linakunywa petroli na umeme pia, tunalichomeka ukutani kama simu. Jirani yangu Mama Violeth alikuja kuchungulia, akasema, "Litakumalizia umeme wa Luku hilo!" Nikamwambia, "Liache limalize, mwenye nalo ananunua dhahabu Rwamgasa."

Mchungaji alipokwisha kuliombea, nikafungua mlango wa mbele nipande. Mbuke akanizuia. "Mama, wewe nyuma. Mbele ataanza kukaa mjomba." Mimi niliyemzaa!

Kaka, tangu binti amkatae yule mwanamume uliyemletea amwoe, hujakanyaga kwangu. Hata baba yake tulimzika bila wewe. Mwenzako Mbuke hana kinyongo tena. Wewe je? Usisingizie mguu wako unaouma, maana atakufuata mwenyewe hadi mlangoni kwako Nkome.

Nimeshaita ukoo mzima, na hakuna atakayegusa chakula kabla hujashuka garini. Ni Jumatatu ya Pasaka.

Dada yako,
Mama Mbuke