Mwaka Niliomwandikia Mama

Jumanne, Julai. Upepo wa Sumbawanga umeamka na baridi yake. Nimevaa sweta mbili.

Jicho la kulia la Mama limekufa. Presha ya macho, daktari amesema leo asubuhi. La kushoto tutalipigania kwa dawa ya matone. "Mngewahi miezi sita iliyopita," akasema.

Miezi sita iliyopita Mama aliwahi. Alitoka Kaengesa peke yake, akapanga foleni hospitalini, dirisha la wazee, pale wenye miaka sitini na kuendelea wanapotibiwa bure. Akarudi kijijini siku ileile. Nilipompigia simu akaniambia, "Wamesema nirudi siku nyingine." Nikaamini.

Leo karani ameangalia kitambulisho chake, akasema kwa adabu, "Shikamoo mama. Lakini hapa bado hujafika sitini. Nendeni dirisha la kulipia."

"Hata siku ile waliniambia hivyo," Mama akaniambia. "Sikuwa na hela, na sikutaka kukusumbua."

Mwaka ulioko kwenye kitambulisho hicho niliuandika mimi.

Siku ya kujiandikisha kupata kitambulisho, foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa na haraka zangu. Mama hakuwa na cheti cha kuzaliwa, ila cha ubatizo, na pale pa tarehe ya kuzaliwa palikuwa wazi. Nikaandika mwaka wa ubatizo kuwa ndio wa kuzaliwa. Lakini Mama hakubatizwa mchanga. Aliingia kanisani kwa miguu yake, binti wa miaka kumi hivi, anayechota maji na kutwanga. Alianza kunieleza, nikamkatiza: "Mama, hawa hawataki hadithi." Mimi, mwalimu mzima, ninayewafundisha watoto wa watu kusoma swali kabla ya kujibu.

Najichukia leo.

Kwenye bajaji tukirudi kwangu alinishika mkono. "Hao wa ofisini ndio wamekosea," akasema. "Wewe uliandika vizuri, nilikuona."

Nikaitikia, "Ndiyo, Mama."

Sasa ni jioni. Amekaa karibu na jiko la mkaa na rozari yake, na hapa nilipo nasikia kila neno. Anawaombea watu wa ofisini, Mungu awasamehe.

Kesho, kabla ya chai, nitamwambia. Na nikishindwa tena, nitakuwa mtoto wa namna gani?