Majani ya Muhogo Mchungu

Mama, shikamoo.

Ulipokuwa kisimani alikuja mama nisiyemjua, Kahonzi wa Ganze, akienda kumwona mwanawe aliyelazwa Malindi. Akaniachia bata mzinga wake jike mpaka jioni. Nikamwahidi atamkuta salama.

~~Amekufa kwa joto.~~ Sivyo. Nimemuua mimi. Kitabu changu cha chuo kilisema bata mzinga wapewe majani mabichi, nikamkatia ya ule muhogo mchungu wa nyuma ya choo. Jedida alinionya: "Kaka, hapo hata mbuzi tunamfukuza!" Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyesomea kilimo. Bata wa watu alikuwa na njaa ya safari, akayamaliza yote.

Nimemzika karibu na ua, mbwa asimfukue. Bata wetu wape mchicha tu, na maji yabadilishwe.

Nimemchukua yule jike wetu mkubwa, uliyekuwa ukimnenepesha kwa karamu yangu ya digrii. Nisamehe, sikungoja ruhusa yako. Wageni tutawapikia maharagwe. Nimeondoka naye sasa hivi kwenda Malindi, nimkabidhi mama Kahonzi mkononi na kumwambia kwa kinywa changu nilichofanya.

Kifunguamimba wako,
Jefwa