Panipuri za Bhai na Kijiba Changu cha Roho

Guangzhou, Jumatano, Machi 1999

Rasharasha tangu alfajiri, na kuta za chumba zinatoka jasho. Kanga niliyoifua Jumapili bado ukiishika inalowesha mkono. Wenyeji wanasema Machi hapa ndivyo ilivyo, nguo hazikauki na watu hawachangamki. Basi mimi na Machi leo tumepatana.

Nina wivu. Nalisema mwanzo ili nisije nikazunguka mbuyu.

Ingekuwa wivu wa mume ningeelewa. Huu ni wivu juu ya mwanamke wa Mombasa anayeitwa Nasim, kwa sababu ya shoga yangu Zuhura, na kwa sababu ya chakula cha Kihindi kinachouzwa ghorofa ya pili kwenye jengo moja la mtaa wa Huanshi Zhonglu. Mimi, mtu mzima, mama wa watoto wanne.

Zuhura na mimi tulianza na vibanda jirani Kariakoo. Hii ni safari yetu ya saba kuja China kununua nguo. Tunalala chumba kimoja, tunajaza kontena moja, na sokoni tuna mchezo wetu. Zuhura anaipenda nguo waziwazi, anaigeuza, anaisifia, anauliza bei. Mimi nanuna. Bosi wa duka akishataja bei nasema "Tai gui le," yaani ghali mno, namshika Zuhura mkono, namvuta hadi nje. Mlangoni anageuka mara moja na macho ya huruma, mithili ya mtoto aliyenyimwa pipi. Hapo bosi anatuita turudi, na bei inashuka. Maduka ya Zhanqian Road yanatujua vizuri na bado yanaingia mkenge.

Nasim alikuja wiki mbili zilizopita, safari yake ya kwanza. Walikutana na Zuhura kwenye lifti ya hoteli siku niliyokuwa kitandani na homa. Nilipoinuka, Zuhura alikuwa na habari moja tu mdomoni, nayo ni Bhai.

Bhai ni Mgujarati aliyekuja kununua vitambaa, akaona Wahindi wenzake wanavyokonda kwa kukosa chakula cha kwao, akaweka meza na majiko mawili kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili. Jina lake silijui. Wahindi wanamwita Bhai, yaani kaka, na sisi tumefuata. Nasim amekulia mtaa mmoja na Wahindi huko Mombasa, kwa hiyo aliinusa jira kutoka barabarani akapanda ngazi bila kuuliza mtu.

Kinachoniuma ni hiki. Chakula cha Wahindi, Zuhura nilimwonyesha mimi. Nilimpeleka Kisutu, kwenye maduka ya Wahindi wa Dar, kwa mguu wangu, nikamnunulia bhajia za dengu na chatini ya nazi, nikamfundisha asizamishe kachori yote kwenye ukwaju mpaka ilegee. Leo ananisimulia mimi habari za chatini, na kila sentensi inaanza na "Nasim anasema."

Waliponialika mara ya kwanza nilisema tumbo halijatulia. Tumbo lilikuwa zima. Mara ya pili nikasema miguu.

Basi kila jioni Zuhura anarudi nguo zikinuka jira na jina jipya. Ijumaa ilikuwa vadapao, kiazi kilichopondwa na bizari, kikavikwa unga wa dengu, kikakaangwa, kikabanwa ndani ya mkate na unga mwekundu wa kitunguu saumu. Jumamosi ilikuwa bhelpuri, bisi za mchele zinazochanganywa na vitunguu, nyanya, kotmiri na ukwaju, na ukichelewa kula zinalainika. Juzi ilikuwa dabeli, kiazi ndani ya mkate, tamu na kali kwa pamoja, na juu yake wamemwagia karanga na mbegu za komamanga. Aliniletea moja ndani ya karatasi. Nikaonja nikasema, "Kawaida tu." Alipoingia bafuni nikailamba karatasi.

Haya ya leo sasa.

Asubuhi nilimwambia Zuhura naenda Guangyuan Xilu kuangalia jinzi. Yeye akasema ana oda ya magauni ya watoto, atapita Zhanqian, tutaonana mchana. Hakusema anakwenda na nani na mimi sikuuliza. Jinzi zenyewe hazikunipendeza, nikamaliza mapema, nikaona nipite Zhanqian nimfuate. Nilishajisemea moyoni kwamba nitaacha kununa, kwamba mambo ya kitoto basi.

Nikafika kwenye duka la Mama Lan, ambaye tunanunua kwake miaka miwili sasa. Kabla sijaingia nikawaona kupitia kioo cha dirisha. Zuhura ameshika gauni la njano, analigeuza mikono yake, analisifia. Pembeni yake Nasim amekunja uso. Uso wa Nasim hauna kununa ndani yake, ni mtu wa kucheka, lakini alijikaza kisabuni. Kisha nikamsikia: "Tai gui le!" Akamshika Zuhura mkono, akamvuta.

Mkono ule. Nafasi ile ni yangu.

Walitoka wakapita hatua chache kutoka nilipo, hawakuniona kwa sababu wapagazi walikuwa wameshusha marobota pale nje na mimi nilikuwa nyuma yake. Zuhura akageuka mlangoni, akatoa yale macho ya huruma. Yaleyale, hakupunguza hata kidogo. Nilidhani macho yale anayatoa kwangu tu.

Mama Lan akaja mlangoni kuwaita. Mdomo ulishafunguka. Akaniona mimi.

Nikamtikisia kiganja, polepole. Nikanyoosha kidole kwa Zuhura, kisha nikakirudisha dukani kwake. Watarudi hao, usiwaite. Mama Lan akatabasamu, akafunga mdomo, akaingia ndani.

Nilifanya hivyo. Hakuna aliyenituma.

Walisimama kwenye kona wakingoja kuitwa. Nasim alichungulia mara mbili. Baadaye Zuhura akarudi peke yake, kichwa chini, akachukua magauni kwa bei ileile aliyotajiwa mwanzo, maana oda ni oda na mteja wake anangoja. Mimi nikapita njia ya wapagazi nikarudi hotelini, na kusema kweli kwa dakika chache nilijisikia vizuri.

Mchana Zuhura akaingia chumbani, akatupa mfuko kitandani. "Mwaju, hilo tumbo lisipopona leo utazikwa nalo. Vaa viatu, twende kwa Bhai." Sikuwa na kisingizio kilichobaki.

Nasim alikuwa ameshatushikia nafasi. Panipuri haziliwi kwa kukaa. Mnasimama kuizunguka meza, kila mmoja na kibakuli chake, na Bhai anatoa moja moja kwa zamu. Anachukua kipuri kikavu kilichovimba, anakitoboa kwa kidole gumba, anatia kiazi na dengu, anakizamisha kwenye maji ya mnanaa na pilipili, anakuwekea. Hujamaliza kutafuna, zamu yako imerudi. Mimi, mwalimu wa Kisutu, nilikiuma nusu. Maji yote yakaingia ndani ya mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko.

Nasim hakucheka. "Chote pamoja, dadangu," akasema. "Nami siku ya kwanza niliroa vivyo hivyo."

Cha pili nikakitia chote. Kikapasukia mdomoni, baridi kwanza, halafu chumvi, halafu ukwaju, halafu pilipili ikapanda puani na machozi yakanitoka. Tamu mno! Wiki mbili nimekula tambi za mchuzi mweupe kwa sababu ya kiburi, na kitu hiki kilikuwa hapa juu ya ngazi.

Kati ya zamu moja na nyingine Zuhura akaanza kulalamika. "Leo Mama Lan hakutuita. Tumengoja pale konani mpaka tukaona haya. Shoga, ule mchezo bila wewe hauchezeki. Huyu hajui kununa, meno yote nje. Kesho twende wote, nimechoka kubahatisha."

Maneno haya ndiyo niliyoyangoja wiki mbili. Nilikuwa nayatunga mwenyewe kitandani, na sauti yake, na kila kitu. Yalipokuja nikamwangalia Nasim, naye alikuwa anaangalia kibakuli chake.

"Ni mimi nimekutia hasarani, Zuhura," akasema. "Niwie radhi. Sikujua." Kisha akanigeukia mimi. "Dada Mwajuma, wewe wajua. Hebu nambia nilikosea wapi."

Ningeweza kusema pale pale. Bhai alikuwa anazamisha kipuri, Zuhura anapangusa mdomo, sekunde zilikuwepo za kutosha.

Badala yake nikamfundisha. Niliweka kibakuli chini, nikamshika mkono, nikamwambia anachelewa kuvuta, inatakiwa avute kabla bei haijamaliza kutajwa, na asiangalie nyuma. Kosa hilo nililibuni palepale. Nilimwona asubuhi kwa macho yangu, alivuta sawasawa. Akarudia mara tatu mbele ya meza ya Bhai, amekunja uso, anauliza, "Hivi? Sasa je?" Zuhura akapiga makofi. Bhai hajui Kiswahili hata neno moja, akacheka pia.

Mwishoni kuna desturi, Nasim ndiye aliyenieleza. Ukisema basi, muuzaji anakupa puri moja kavu ya bure, na chumvi na jira, ya kufungia mdomo. Bhai akampa kila mtu yake. Nasim akaniwekea ya kwake juu ya yangu. "Chukua, dadangu, wewe ndiyo mara yako ya kwanza."

Niliila. Nikasema asante.

Sasa ni saa kumi na moja. Zuhura anaoga na anaimba, maana tumerudi kuwa kama zamani na kesho asubuhi tunakwenda Zhanqian. Nimepata nilichokitaka, na nimekaa na kalamu kwa sababu siwezi kukaa bila kufanya kitu. Nikisema, Zuhura anaweza kuhamia chumba kingine leo hii, na safari ya nane nikaja peke yangu. Namjua, hasira zake haziishi upesi. Nikinyamaza, kuna mwanamke chumba cha tatu kutoka hapa ambaye pengine saa hizi amesimama mbele ya kioo anajifunza kununa.

Zuhura nitamwambia akitoka bafuni. Lakini naanza kwa Nasim, sasa hivi, kabla rasharasha haijaacha na mimi sijapata kisingizio kipya. Ndiye aliyeomba radhi kwa kosa langu.